Kutafuta Majina ya Wazee Wetu: Mwongozo wa Kutumia Vituo vya Historia ya Familia

Wapendwa ndugu wa makanisa ya Mashariki, tunawaandikia kutoka Mutoshi, kando ya mji wa Kolwezi.

Sisi wachungaji wa huku tunapokea mara kwa mara ombi la namna moja. Mtu anatoka Uvira, Kalemie au Kasongo, au anatuma ujumbe kwa simu, anasema: "Mchungaji, nkambo wetu alikuja kufanya kazi Union Minière, hakurudi. Mtusaidie kujua alizikwa wapi, na kama aliacha watoto huko." Nkambo, kwa Kiswahili cha huku kwetu, ni babu au bibi. Wengine wanauliza kwa sababu ya hamu ya moyo. Wengine wana shida kubwa zaidi: mirathi, karatasi za watoto, au ndoa ambayo wazee wanaogopa kuibariki kwa sababu majina ya koo yanafanana.

Tunaulizwa pia habari za vituo vya historia ya familia: ni vya nani, vinatoa nini, na kama Mkristo wa kanisa letu anaweza kuingia. Tumeona afadhali tuandike majibu yote mahali pamoja.

Kituo cha historia ya familia ni nini?

Ni chumba chenye kompyuta na intaneti, mara nyingi ndani ya jengo la kanisa, ambamo mtu anatafuta kumbukumbu za ukoo wake kwa msaada wa watu wanaojitolea. Vituo hivi ni vya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi wanawaita Wamormoni. Kazi hiyo waliianza zamani: chama chao cha nasaba kiliundwa huko Utah, Marekani, mwaka 1894. Mwaka 1938 walianza kupiga picha vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo kwenye filamu ndogo, na mwaka 1964 wakafungua vituo vya kwanza nje ya maktaba yao kuu. Siku hizi filamu hazitumwi tena kwa posta. Tangu mwaka 2017 kazi imehamia kwenye tovuti inayoitwa FamilySearch. Vituo vimezidi 5,000 duniani. Nchini mwetu kanisa hilo lilitambuliwa na serikali mwaka 1986.

Huduma ni bure, na mtu wa kanisa lolote anapokelewa. Anayetaka kutumia tovuti kwa simu yake anafungua akaunti bila malipo. Tofauti ni hii: picha za vitabu vingine, kwa sababu ya mapatano na wenye vitabu hivyo, zinafunguka ukiwa ndani ya kituo tu. Tena kituoni kuna mtu wa kukuonyesha njia.

Utakachokikuta na usichokikuta

Tuseme ukweli ili mtu asipoteze nauli. Sehemu kubwa ya vitabu vilivyopigwa picha ni vya Ulaya na Amerika. Mtoto wa Ubelgiji anaweza kukaa kituoni asubuhi moja akafika kwa babu wa karne ya 18. Mtoto wa Maniema hawezi kutegemea hivyo, kwa kuwa vitabu vingi vya komini zetu, vya misheni na vya parokia havijapigwa picha na mtu yeyote. Vingine vilichomwa katika vita, vingine viliharibiwa na mvua na mchwa. Vilevile watu wetu wengi hawakuandikwa kamwe. Sensa ya mwisho ya taifa ilikuwa mwaka 1984. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba, kati ya watoto wanne wenye umri chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyeandikishwa kwa serikali.

Hata hivyo kuna jambo linalotuhusu sana. FamilySearch wanakusanya pia nasaba za mdomo katika nchi nyingi za Afrika, na Kongo ni mojawapo. Mtu anakaa na mzee wa kijiji, mzee anataja vizazi anavyovikumbuka, naye anaandika na kurekodi sauti. Ukifika kituoni, usiulize vitabu peke yake. Uliza: "Je, kuna nasaba za mdomo zilizokusanywa katika eneo letu?" Taja kijiji, sekta na teritwari.

Anza nyumbani

Kituo kinasaidia mtu aliyekuja na kitu mkononi. Ukienda na jina moja tu, utarudi na jina hilo hilo. Kwa hiyo kaa kwanza na wazee, na usichelewe.

Andika kuanzia kwako kurudi nyuma: wewe, wazazi wako, wazazi wao. Kwa kila mtu andika majina yote, kijiji, ukoo, kazi, kanisa alilobatizwa, na mahali alipozikwa. Kwa maneno ya udugu uwe mwangalifu. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini kwa kazi hii uliza kwa heshima: "Baba, huyu ndiye aliyekuzaa, au ni ndugu yake?" Usipouliza hivyo, utaandika kaka wawili kama mtu mmoja.

Mzee asipojua mwaka, usimlazimishe. Mpe matukio. Huku kwetu tunauliza: ilikuwa kabla ya uhuru wa 1960? Wakati Katanga ilipojitenga, 1960 hadi 1963? Katika vita vya siku 80, mwaka 1977, au vya siku sita, Mei 1978? Ninyi wa Mashariki mna matukio yenu, na wazee wanayajua kuliko tarehe.

Halafu tafuta karatasi. Fungua ukurasa wa kwanza wa Biblia ya zamani na wa kitabu cha nyimbo, maana hapo wazazi wengi waliandika siku za kuzaliwa. Tazama mgongo wa picha, kadi ya ubatizo, kitambulisho cha kazi, karatasi ya pensheni. Tafuta orodha ya mahari, kwa sababu inataja wajomba na mashahidi wa pande mbili. Tafuta pia tangazo la matanga, maana huko ukoo mzima hutajwa kwa majina.

Mitego ya majina

Watu wengi wanashindwa hapa, hata wale waliosoma.

Kwetu mtoto si lazima achukue jina la baba. Anaweza kupewa la nkambo, la rafiki wa familia, au la hali ya kuzaliwa. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Lakini jina lenyewe linasema kitu. Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Ukikuta nkambo anaitwa Kyungu, uliza Kabange yuko wapi. Huenda alikufa akiwa mtoto mchanga bila kuandikwa popote, naye ni wa familia yenu.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Mtu aliyeandikwa Joseph kwenye kitabu cha ubatizo anaweza kutokea kwenye karatasi za Zaire bila jina hilo, akiwa ameongezewa jina la kijijini ambalo watoto wake hawakulijua. Tafuta kwa majina yote mawili.

Makarani wa wakati wa ukoloni waliandika kwa sikio la Kifaransa au la Kiflemi. Kyungu anaweza kuwa Tshungu au Chungu. Herufi u inaandikwa ou. Andika kwenye karatasi namna zote unazoweza kufikiria, kisha jaribu moja moja.

Kwa Walunda kuna jambo lingine. Anayerithi cheo anarithi pia jina na udugu wa yule aliyemtangulia. Mzee anaweza kusema "mimi nilivuka mto ule" akiwa anasimulia habari za mtu aliyeishi miaka mia mbili iliyopita. Hasemi uongo, anasema kwa jina la cheo. Wewe uliza: "Ni Mwant Yav wa ngapi?"

Mwisho, jua ukoo wako unahesabiwa upande gani. Kwa Waluba mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wabemba, ambao wengi walikuja migodini kutoka upande wa Zambia ya leo, mtoto ni wa ukoo wa mama. Ukimfuata baba peke yake utafika ukingoni upesi, na mjomba ndiye mwenye habari.

Miji nayo ilibadilishwa majina

Mama mmoja alitujia kutoka upande wa Tanganyika. Baba yake alikuja migodini kabla ya uhuru, akaandika barua mbili, kisha kimya. Alikuwa ametafuta kwa muda mrefu neno "Mutoshi" katika karatasi za zamani bila kupata kitu. Sababu ilikuwa rahisi: wakati wa Wabelgiji mgodi huu uliitwa Ruwe. Tulipotafuta Ruwe, mambo yalianza kufunguka.

Basi mkumbuke: Lubumbashi iliitwa Élisabethville, Likasi iliitwa Jadotville, Kalemie iliitwa Albertville, Bukavu iliitwa Costermansville, Kisangani iliitwa Stanleyville, Kananga iliitwa Luluabourg, Ubundu iliitwa Ponthierville. Katanga yenyewe iliitwa Shaba katika miaka ya Zaire, na mkoa wa Lualaba ulizaliwa kwa kugawanywa kwa Katanga mwaka 2015.

Milango mingine ya kubisha

Kituo ni mlango mmoja tu. Kuna mingine, na kwa ukoo wa mtu wa migodini hiyo mingine mara nyingi ina faida zaidi.

Wa kwanza ni kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya 1920 ilichukua wafanyakazi kutoka Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi, kisha ikaanza kuwaweka pamoja na wake na watoto katika kambi zake. Kila mfanyakazi alikuwa na namba na faili. Posho ilitolewa kwa hesabu ya familia, kwa hiyo mke na watoto waliandikwa. Kama kuna karatasi moja nyumbani yenye namba ya kazi ya nkambo, itunzeni kama mali. Kampuni ilipochukuliwa na serikali na baadaye kuwa Gécamines, faili za wafanyakazi zilibaki kwake. Nyaraka za makao makuu ya Union Minière ziko Brussels, katika hifadhi ya taifa ya Ubelgiji.

Wa pili ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu amefanya kazi miaka mingi juu ya maisha ya wafanyakazi wa migodi na familia zao. Kitabu chake cha mwaka 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père, kitakusaidia kuelewa nkambo wako aliishi namna gani, hata kama jina lake halimo.

Wa tatu ni misheni. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, na kutoka hapo ikazaliwa kazi ya Garenganze. Wapresbiteri walianza Luebo mwaka 1891. Wamethodisti wa John Springer waliingia Katanga mwaka 1910. William Burton na James Salter walifika Mwanza ya Katanga mwaka 1915. Jua nkambo wako alisali wapi, na utajua uulize kitabu cha nani. Msisahau parokia za Kikatoliki, kwa sababu vitabu vyao vya ubatizo mara nyingi huandika pia ndoa ya mtu pembeni mwa jina lake.

Wa nne ni ofisi ya eta sivili ya komini. Hata kama haina vitabu vya zamani, ni muhimu kwa walio hai. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto baada ya kuzaliwa. Zikipita, lazima kwenda mahakamani. Ndugu, msingoje.

Siku ya kwenda kituoni

Uliza kwanza siku na saa za kufunguliwa, kwa sababu watumishi wake wanajitolea na umeme wetu tunaujua. Chukua daftari, kalamu na nakala za karatasi zako. Asili ziache nyumbani. Nenda na swali moja, kwa mfano: "Baba ya mama yangu alibatizwa wapi?" Tafuta kwa jina, na likikosekana tafuta kwa mahali, kwa kuwa vitabu vingi vilivyopigwa picha havina faharasa, unafungua ukurasa kwa ukurasa. Ukipata kitu, andika jina la kitabu, mwaka na namba ya ukurasa. Ukikosa, andika pia umetafuta wapi, ili ndugu yako asirudie njia hiyo hiyo. Na usikubali jina kwa sababu limefanana tu. Ilunga ni wengi.

Je, sisi tuingie?

Wengine wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Kanisa lenye vituo hivi linafundisha kwamba mtu aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya marehemu, na kwamba marehemu ana hiari ya kupokea au kukataa. Kwa ajili hiyo wanatafuta majina ya mababu. Sisi hatufundishi hivyo. Tunasoma katika Waebrania 9:27 kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo ni hukumu, na wazee wetu tumewaacha mikononi mwa Mungu aliye mwenye haki kuliko sisi.

Lakini kusoma kitabu katika chumba cha jirani si kushiriki ibada yake. Hakuna anayedaiwa kubadili imani ili atumie kompyuta. Jambo la kujua ni hili: kutafuta ni kitu kimoja, kuingiza majina kwenye mti wa pamoja wa FamilySearch ni kingine. Mti huo unaonekana na wote, na kila mwenye akaunti anaweza kuurekebisha. Habari za walio hai zinafichwa, za marehemu ziko wazi. Kanuni yao inataka ruhusa ya ndugu wa karibu kabla ya ibada kwa ajili ya marehemu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita. Matatizo yamewahi kutokea: mwaka 1995 walikubaliana na viongozi wa Wayahudi kuondoa majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: tafuta kwa uhuru, shukuru kwa huduma, na kama dhamiri yako inakukataza, weka mti wa ukoo wako katika daftari lako. Kabla ya kuingiza jina lolote mtandaoni, ongea na familia.

Nasaba isiwe silaha

Paulo anawaonya Timotheo na Tito wasijiingize katika mabishano ya nasaba yasiyo na mwisho. Sisi wa Kolwezi tunaelewa kwa nini. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, walilala kwenye vituo vya gari moshi wakingoja kupelekwa mahali ambapo wengine hawakuwahi kupaona. Swali lilikuwa moja: "Nkambo wako alitoka wapi?" Ninyi wa Mashariki pia mnajua swali hilo linaweza kufanya nini.

Basi tukitafuta, tutafute kama Mathayo katika sura yake ya kwanza. Katika ukoo wa Bwana aliwaandika Tamari, Rahabu, Ruthu, na mke wa Uria. Hakuficha mgeni wala aibu. Anayetafuta nasaba ili ajue nani wa kumfukuza, asije kwetu kuomba msaada.

Daftari letu wenyewe

Turudi kwa yule mama. Tulimpata mzee mmoja aliyemkumbuka baba yake, na mzee akataja kanisa alilosali. Daftari la ubatizo lilikuwa bado kabatini. Mstari ulikuwepo: jina la baba, jina la mke wa huku, majina ya watoto wawili. Lakini kurasa za vifo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mama alipata ndugu wawili ambao hakuwajua, akakaa nao wiki nzima. Kaburi hakulipata. Sisi tuliona haya, maana kaburi hilo lilipotea kwa uzembe wetu sisi watunza daftari.

Leo vijana wenu wanakuja tena Kolwezi kwa mamia, kuchimba shaba na kobalti kwa mikono. Wengi wanajulikana kwa jina la utani tu. Shimo likiporomoka, tunazika kijana ambaye hakuna anayejua mama yake anaitwa nani wala anakaa wapi. Miaka 50 kutoka leo mtu atakuja kumuuliza, na hakuna kituo duniani kitakachojibu kama sisi hatukuandika.

Kwa hiyo tunaomba kila kusanyiko lifanye mambo matatu. Kwanza, liwe na daftari la ubatizo, ndoa na vifo lenye majina yote, majina ya wazazi na kijiji, lipigwe picha kwa simu kila mwisho wa mwaka, na picha ziwekwe mahali pawili. Pili, mkimtuma kijana kwenda migodini, mpeni barua ya kanisa yenye jina lake kamili, la wazazi wake, na namba ya simu ya mchungaji. Nasi tutaandika kila anayefika kwetu. Tatu, wiki hii hii, kijana mmoja akae na mzee mmoja na daftari.

Katika Nehemia 7 tunasoma habari za watu waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba, wasiyaone, wakatengwa na kazi ya baba zao. Wapendwa, watoto wetu wasipatwe na hayo kwa sababu ya kalamu yetu iliyolala. Mungu anawajua walio wake. Sisi ametupa daftari.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.